Banda si tatizo, mtihani ni mshahara wa mwalimu

Mtaa ukiamua kuanzisha nasari, vitu vya kwanza kuchangiwa ni saruji na mabati. Si ajabu, bati linaonekana, na mfadhili hupenda kupigwa picha mbele yake. Lakini shule hizi hazifi kwa kukosa paa. Hufa mwalimu anapoondoka, naye huondoka kwa kuchoka kulipwa ahadi.

Afrika Mashariki tuna mfano wa kujifunzia: shule za awali za madrasa. Mpango huo ulianzia Mombasa miaka ya 1980, baada ya viongozi wa Kiislamu wa Pwani kumweleza Aga Khan, kiongozi wa Waislamu wa Ismailia, kwamba watoto wao wanaachwa nyuma kielimu. Bi Swafiya Said, mwalimu wa hapo hapo Mombasa, akaandaa mtaala uliochanganya dini, lugha ya nyumbani na kujifunza kwa michezo. Shule ya kwanza ilifunguliwa 1986. Mpango ukafika Zanzibar 1990 na Uganda 1993.

Nguvu yake ilikuwa kwenye makubaliano ya maandishi. Mtaa ulitoa chumba, choo, maji, kamati, na akina mama wa hapo hapo wa kusomea ualimu. Kituo cha mafunzo kilitoa mkufunzi, na huyo hakuishia kwenye semina: alirudi darasani mara kwa mara, akaketi mkekani na kutazama mwalimu anavyofanya.

Ziara hizo ndizo wengi huzikata wakibana matumizi, na hasara yake huonekana upesi. Wazazi wameleta vifuu vya nazi, magunzi na vipande vya mbao vilivyopigwa msasa, kona zimepangwa vizuri. Baada ya muda vyote vimo kabatini na kufuli juu, mwalimu akihofia kuulizwa vikipotea. Watoto wa miaka mitatu wanashinda wakiimba a, e, i, o, u. Dawa ni kamati kukubali mapema kwamba vifaa vitachakaa, na wazazi kuleta vingine kila muhula. (Vifuniko vya soda msilete. Vina makali, na mtoto mdogo huvitia mdomoni.)

Sasa pesa. Chukua nasari ya watoto 40, ada Sh 10,000 za Tanzania kwa mwezi. Kwenye karatasi ni Sh 400,000, na kamati nyingi hupanga mishahara kwa hesabu hiyo. Mimi ningepanga kwa asilimia 60, yaani Sh 240,000, maana kusi likivuma na bahari kuchafuka, mvuvi hana cha kutoa. Ada ifuate kipato cha mtaa: penye karafuu, mzazi alipe ya miezi kadhaa kwa mpigo wakati wa mavuno. Walimu wawili kwa Sh 240,000 ni Sh 120,000 kila mmoja, kabla hujanunua unga wa uji. Pengo hilo lijadiliwe kabla ya msingi kuchimbwa.

Shule za madrasa zilijaribu kuliziba kwa mfuko wa akiba ambao mtaji wake hauguswi, inatumika faida tu. Wazo ni zuri, ila lipigieni hesabu: kupata Sh 100,000 kwa mwezi kwa faida ya asilimia 10 kwa mwaka, mnahitaji mtaji wa Sh 12,000,000. Kwa mtaa wa kawaida, mfuko huo utasaidia mshahara. Kuubeba wote hauwezi.

Pigo jingine hutoka serikalini, bila nia mbaya. Kenya ilipofuta ada za msingi 2003, wapo wazazi walioacha kulipia chekechea wakisubiri darasa la kwanza la bure. Tanzania Bara, tangu 2016 darasa la awali katika shule za serikali halina ada, kwa hiyo kushindana nalo kwa watoto wa miaka mitano ni kujichosha. Nasari ya mtaa ichukue wa miaka mitatu na minne, ikubaliane na mwalimu mkuu wa shule jirani namna ya kuwapokea, kisha kamati iende halmashauri kwa afisa ustawi wa jamii kuuliza masharti ya usajili.

Na kiwanja je? Kikiwa ni wakfu wa msikiti au cha mzee fulani aliyekitoa kwa mdomo, kiandikwe angali hai, warithi wakiwepo na kutia saini.