Kabla hujampigia saluti, uliza nani aliwahi kumkatalia

Serikali ya kiraia ikishachoka, wezi wakajaa wizarani na vikao vikawa vingi kuliko kazi, lazima atokee mtu aseme: "Hapa anatakiwa mwanajeshi." Hoja yake huwa nidhamu. Mwanajeshi hachelewi, habishani, akisema jambo linafanyika. Siikubali hoja hiyo, na si kwa kuwa nawaona wanajeshi ni watu wabaya. Wapo walioongoza nchi vizuri kuliko mawakili na maprofesa. Tatizo ni kwamba nidhamu ya kambini haitabiri chochote. Ofisa anayetaka ikulu au ugavana mimi namtafutia kitu kimoja katika maisha yake: nani aliwahi kumwambia hapana, na yeye alifanya nini.

Nigeria ndiyo darasa kubwa la mambo haya. Mwaka 1967 mtawala wa kijeshi Yakubu Gowon aliigawa nchi katika majimbo 12, na karibu yote akayakabidhi kwa wanajeshi na polisi. Jimbo la Rivers lilikwenda kwa Alfred Diete-Spiff, ofisa wa jeshi la majini mwenye miaka 24. Hebu fikiria: miaka 24, jimbo zima, hakuna bunge, hakuna uchaguzi unaokuja.

Julai 1973 gavana huyo alikuwa anatimiza miaka 31. Siku hiyo hiyo gazeti la Nigerian Observer likatoka na habari ya mwandishi wake wa Port Harcourt, Minere Amakiri, kuhusu walimu waliokuwa wakitishia kugoma. Ikulu ya jimbo ikaona imetiwa mchanga kwenye pilau. Amakiri alikamatwa, akanyolewa kichwa kwa kipande cha chupa na kuchapwa viboko 24. Baadaye alishitaki, akashinda na kulipwa fidia.

Aliyeshitakiwa kwa kutoa amri ile ni mpambe wa gavana. Kuna watu huniambia hilo linampunguzia gavana lawama. Kwangu linazidisha shida. Mahali ambapo kila jibu ni "ndiyo, afande", mkubwa hana haja hata ya kuagiza. Walio chini yake hukisia kitakachomkera, wakakishughulikia mapema, tena kwa ukali kuliko ambavyo yeye mwenyewe angethubutu. Gwanda halikumfanya mpambe yule awe mkatili. Lilimhakikishia tu kwamba pale ikulu hakuna atakayemuuliza.

Gowon alipopinduliwa Julai 1975, jenerali aliyemrithi, Murtala Mohammed, aliwafukuza magavana wote na kuunda tume ya kuchunguza mali zao. Kati ya 12, waliotoka wasafi ni wawili tu: Mobolaji Johnson wa Lagos na Oluwole Rotimi wa jimbo la Magharibi. Hao wawili ni wanajeshi. Wengi wa wale 10 nao ni wanajeshi, wa jeshi lile lile, waliocheza gwaride lile lile. Anayesema jeshi linafundisha uadilifu anieleze hesabu hiyo.

Halafu kuna jenerali Muhammadu Buhari, ambaye maisha yake yanapaswa kusomwa na kila anayelilia nidhamu. Alichukua nchi kwa mapinduzi Desemba 31, 1983. Miezi michache baadaye akaanzisha Vita Dhidi ya Utovu wa Nidhamu. Watu walipangwa foleni vituoni chini ya ulinzi wa askari wenye viboko, na watumishi wa serikali waliochelewa kazini waliadhibiwa kwa kuruka kichurachura mbele ya wenzao. Watu wazima, wenye vyeo, na suti zao. Wenzake jeshini walimpindua Agosti 1985. Akagombea kama raia, akashindwa 2003, 2007 na 2011, akashinda 2015. Aliapishwa Mei 29. Mawaziri wake waliapishwa Novemba 11. Yule yule aliyewarusha watu kichurachura kwa kuchelewa alikaa karibu nusu mwaka bila baraza la mawaziri, hadi Wanigeria wakambatiza jina la Baba Go Slow.

Simcheki. Kambini kila nafasi imeshajazwa na makao makuu. Unachofanya ni kuitumia. Kuunda serikali ya vyama na makabila, ambako kila uteuzi ni ugomvi na watu wanaoweza kukununia miaka minne, ni kazi nyingine kabisa.

Upande wa pili nitamweka Dwight Eisenhower, au Ike, jenerali aliyekuja kuwa rais wa Marekani. Harry Truman, rais aliyemtangulia, ambaye mwenyewe alikuwa kapteni wa mizinga katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alimwonea huruma kabla hajaingia Ikulu ya Marekani: maskini Ike, alisema, atakaa pale atoe amri, fanya hiki, fanya kile, na hakuna kitakachofanyika. Nadhani Truman alikosea, kwa sababu hakuzingatia ujenerali wa Ike ulikuwa wa namna gani. Huyu alikaa na cheo cha meja miaka 16, hapandi, akiwaandalia wakubwa wengine hotuba na ripoti. Alipopewa majeshi ya washirika Ulaya katika Vita vya Pili vya Dunia, kazi yake kubwa ilikuwa kuwabembeleza watu asioweza kuwaamrisha: Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, Montgomery, jenerali wa Uingereza, na de Gaulle, jenerali wa Ufaransa. Kila mmoja alimkatalia mara kadhaa.

Kuna karatasi moja inayonieleza mengi kumhusu. Kabla ya uvamizi wa Normandy, Ufaransa, Juni 1944, aliandika kwa penseli tangazo la kutoa endapo mambo yangeharibika. Liliwasifu askari kwa ujasiri wao, na likamalizia kwamba kama kuna lawama yoyote, ni yake peke yake. Akaikunja, akaiweka kwenye pochi. Kwa uchovu alikosea hata tarehe, akaandika Julai 5. Uvamizi ulifaulu na karatasi haikuhitajika, lakini mtu aliyeweza kuiandika alikuwa tayari kuulizwa. Hakuwa malaika, mapinduzi ya Iran 1953 na Guatemala 1954, yaliyosukwa na majasusi wa Marekani, yalifanyika chini yake. Ila Januari 1961, akiaga, alichagua kuwaonya Wamarekani juu ya nguvu za jeshi lililoungana na viwanda vya silaha. Raia angesema hivyo angeitwa mwoga.

De Gaulle naye, aliyekuja kuwa rais wa Ufaransa, pamoja na kiburi chake chote, aliwauliza Wafaransa swali kwenye kura ya maoni ya Aprili 27, 1969. Wakamjibu hapana. Kesho yake akaachia madaraka.

Jerry Rawlings, ofisa wa jeshi la anga la Ghana, ndiye ananisumbua zaidi, maana hakai kwenye kundi lolote. Mwaka 1979 utawala wake uliwapiga risasi wakuu watatu wa zamani wa Ghana, na askari wakalibomoa soko la Makola jijini Accra, kana kwamba bei zilipandishwa na akina mama wauza nguo na vyakula. Baadaye alishinda chaguzi mbili, na mrithi aliyemtaka aliposhindwa mwaka 2000, akamkabidhi nchi John Kufuor wa upinzani. Miaka 20 ya kuzoea kukataliwa, kwa gharama ya damu ya wengine. Olusegun Obasanjo wa Nigeria alikwenda kinyume: 1979 akiwa jenerali alikabidhi nchi kwa raia bila kusukumwa, lakini 2006, akiwa rais wa kuchaguliwa, ilibidi Seneti ndiyo izime mpango wa kumruhusu awamu ya tatu.

Tanzania tuna mfano mtulivu zaidi. Vyama vingi vilipoingia 1992, maofisa waliokuwa kwenye siasa walitakiwa kuchagua gwanda au chama. Luteni kanali Jakaya Kikwete alichagua chama. Mwaka 1995 aliongoza duru ya kwanza ya kura za CCM, ya pili akashindwa na Benjamin Mkapa. Alimpongeza mshindi, akamtumikia miaka 10 kama waziri wa mambo ya nje, kisha akarudi kuomba tena. Unaweza kuwa na malalamiko yako juu ya urais wake, lakini alifika akiwa ameshazoea kusubiri.

Sasa turudi kwa anayeshangiliwa leo. Kapteni Ibrahim Traoré alichukua Burkina Faso Septemba 2022 akiwa na miaka 34. Kipindi cha mpito kilipaswa kuisha Julai 2024. Mei mwaka huo kikaongezwa miaka mitano. Vita dhidi ya makundi yenye silaha ni vya kweli, na hasira ya vijana dhidi ya Ufaransa ina sababu zake, sibishi. Lakini waandishi wa habari na waendesha mashtaka waliomuudhi wameitwa jeshini kwa amri ya kuwaita raia vitani, wengine wakapelekwa mstari wa mbele. Mashabiki wake wakinitumia video za matrekta na viwanda, huwajibu kwa swali lile lile: ni nani pale Ouagadougou anayeweza kumkatalia leo, na kesho akaamkia ofisini kwake kama kawaida? Bado sijatajiwa hata mmoja.