Jua la Dodoma lianzie kijiweni

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ikitangaza bei kikomo za mafuta, vijiwe vya bodaboda hapa Dodoma huwa na mada moja tu. Na sisi wa huku bei yetu haiwezi kuwa ya Dar es Salaam: petroli hushushwa bandarini, ikasafirishwa zaidi ya kilomita 400 ndipo ifike kwenye pampu ya Nkuhungu. Jua halidai nauli, na linaweza kuchaji bodaboda za umeme.

Tuna msimu mmoja wa mvua, kama Desemba hadi Aprili, na hata huo hutuchenga. Miezi mingine yote ni jua. Mkulima wa Bahi ana kila sababu ya kulilaani, lakini kwa kuzalisha umeme, jua hilo ni mtaji.

Ukitaja magari ya umeme, watu huwaza gari la mkubwa lenye vioo vyeusi. Mimi nasema tuanze na bodaboda na bajaji. Pikipiki ya umeme hula takriban uniti 3 hadi 4 kwa kilomita 100. Paneli tatu za wati 500, kwa jua letu, zinaweza kutoa uniti 6 au 7 kwa siku, nazo zinamtosha dereva anayezunguka mjini kutwa nzima. Mota yake haina plagi, haina kabureta, haina oili ya kumwaga. Zaidi ya asilimia 80 ya umeme inaoupata huwa mwendo, wakati injini ya petroli hupoteza sehemu kubwa ya mafuta kwa joto tu. Kijana anayepeleka hesabu kwa bosi kila jioni utamweleza mara moja ataelewa.

Kipo kikwazo, tena si kidogo. Jua huwaka mchana, na mchana ndio dereva anasaka abiria. Hawezi kuegesha pikipiki kwa muda wa saa nne ili ichaji. Dawa ni betri za kubadilishana: unaacha iliyoisha, unachukua iliyojaa, unaondoka. Betri ziwe mali ya kibanda cha kubadilishia, si ya dereva, maana bei yake ndiyo inayowatisha wengi.

Halafu kuna mafundi wetu. Paneli ikizidi nyuzi joto 25 huanza kupungua nguvu, takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi, lakini utakuta imebanwa juu ya bati linalochemka, hewa haipiti hata kidogo. Ikifika Oktoba vumbi limeganda juu yake kiasi cha kuandika jina kwa kidole, kisha mwenye nyumba analalamika kwamba sola ni feki. Kitambaa na maji kidogo asubuhi, basi!

Siku za mawingu gridi ipo. Ndiyo inayoivuta treni ya SGR hadi hapa tangu 2024. Na pa kuweka paneli papo: jiji lina mapaa makubwa yasiyo na kazi. Soko la Job Ndugai pale Nzuguni lingefaa kuanzia, na bajaji tayari zinapanga foleni nje.