Barafu ya Kilimanjaro si ushahidi kwamba joto la dunia ni la asili
Kuna mwandishi anayedai kwamba, kwa kuwa barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ilianza kupungua miaka ya 1880, kabla magari hayajajaa duniani, basi ongezeko la joto la dunia ni mambo ya asili tu. Nusu ya kwanza naikubali. Ukanda wetu wa Afrika Mashariki uliingia ukame kipindi kile, theluji ikapungua, na kule juu jua hula barafu hata hewa ikiwa chini ya sifuri. Lakini mlima mmoja hauwezi kuisemea dunia nzima! Wala chanzo si jua: setelaiti zinapima nguvu ya jua tangu 1978 na haijapanda, ilhali joto limepanda. Tena stratosfia, tabaka la hewa lililo juu ya hili tunaloishi, linapoa huku hewa ya chini ikipata joto. Lingekuwa jua, kote kungepata joto. Kilichoongezeka ni kaboni dayoksaidi, gesi inayonasa joto, kutoka sehemu 280 hivi kwa kila sehemu milioni za hewa kabla ya viwanda hadi zaidi ya 420 sasa, na chanzo kikubwa ni makaa ya mawe, mafuta na gesi tunavyochoma. Wenzangu wa Machame na Marangu, miteremkoni mwa mlima, mifereji ya kwenu bado ina maji kiangazi?