Mkanda Huu Ulikuwa Unakaa Wapi?

Simu ninayo, msiniulize tena kwa nini siipigii picha. Ina macho matatu mgongoni, na watoto wanapigia picha hadi sahani ya ugali kabla hawajanawa. Lakini mimi nina kamera yangu ya zamani, Pentax K1000, chuma kitupu. Betri yake ni ya kipimo cha mwanga tu. Ikifa, kamera inaendelea na kazi. Shida yake ni moja: inakula mikanda, ile filamu ya kupigia picha. Na mkanda siku hizi haununuliwi, unatafutwa.

Zamani studio zilikuwa na kabati la kioo, Kodak huku, Fuji kule, unachagua wa picha 24 au 36, unalipa, unaondoka. Leo, hapa Mbeya, zunguka soko la Mwanjelwa lote, pita Sido, pita Kabwe. Utapata rimoti ya redio iliyokufa pamoja na mwenyewe. Ukiulizia mkanda, unaletewa wa suruali.

Kijana mmoja akanitolea boksi chini ya meza. Tarehe ya mwisho: 2006. "Bosi wangu, huu haujawahi kufunguliwa hata siku moja!"

Hapo huwa nageuka mshenga. Siangalii uzuri wa boksi, nauliza ulikolelewa. Ulikuwa unakaa wapi? Kwa nani? Maana joto ndilo linaloua mkanda. Rangi zinafifia, picha zinatoka na ukungu. Uliokaa miaka yote Mbeya, mita 1,700 juu ya bahari, kwenye sebule ambayo Julai watu wanakunywa chai wamejifunika blanketi, huo tunaweza kuzungumza. Uliolelewa Kyela dirishani, mpeni mchumba mwingine. Wa Dar es Salaam hata barua ya posa sipeleki. Kijana akasema umetoka Tukuyu, kwenye baridi. Kila muuzaji siku hizi mkanda wake umetoka Tukuyu.

Na hata kama ni wa Tukuyu kweli, uzee ni uzee. Wapiga picha wana kanuni yao ya kukisia: kwa kila miaka 10 iliyopita tangu tarehe ile, upe mkanda mwanga maradufu. Kwa hiyo huo wa ISO 200 (ndiyo namba ya wepesi wa mkanda kunasa mwanga), baada ya miaka 20, nauhesabu kuwa 50. Sasa 50 uupeleke Uyole asubuhi, ukungu umeshuka mpaka bajaji zinapigiana honi bila kuonana! Nikamweleza kijana: nguvu imebaki robo, basi na bei iwe robo. Akaniuliza kama mimi ni mwalimu wa hesabu.

Mpya upo, ila wa kuagiza. Kwa rangi, Kodak Gold na ColorPlus ndiyo ya watu wa hali yetu. Portra, ya bei ya juu, nawaachia wenye harusi zao. Unamwagiza mtu Dar, anampa konda, wewe unapiga simu kusisitiza: usiuweke karibu na injini. "Sawa mzee, ondoa shaka." Basi likifika, mzigo wako uko juu ya injini, una joto la chapati. Tuseme mpaka unaushika mkononi umetumia shilingi 36,000. Picha 36. Kila nikibofya, elfu moja imeondoka, na hapo sijasafisha. Ndiyo maana watu wanasema nikisimama kuutazama Mlima Loleza naonekana mtu wa fikra nzito. Siufikirii mlima.

Nafuu yenyewe ni nyeusi na nyeupe, Fomapan ya Czech au Kentmere ya Uingereza, na ununue jora. Ndiyo, jora. Futi 100, unakata mwenyewe gizani, unajaza kwenye vikopo vitupu, unapata mikanda kama 18 ya picha 36. Unasafishia nyumbani, na dawa yake inataka nyuzi 20 tu, si 38 kama ya rangi. Ila nyuzi 20 hizo, Mbeya, mwezi wa saba, bomba gani linazitoa? Inabidi nipashe.

"Baba Neema, mtoto kaoga maji ya baridi, wewe unapashia picha?"

"Kidogo tu, mama."

"Na blanketi zangu?"

Blanketi zake ziko dirishani, zinazuia mwanga. Habari za friji hata tusiongee. Mgeni alikuta vikopo vyangu karibu na maziwa, akauliza ni nani nyumbani anayeumwa.

Juzi kipaimara kwa shemeji. Nimewapanga, nimepima mwanga, nimebofya. Shemeji huyo mbio: "Tuone!" Nikamgeuzia mgongo wa kamera. Akausugua kwa kidole.

"Mbona haiwaki?"

"Subiri mkanda uishe, shemeji. Bado picha 22."

"Basi hiyo ifute, nilifumba macho. Piga nyingine mbili tatu, tumekaa na tumesimama."

Nikanyoosha kiganja. Elfu tatu, shemeji, na ile ya kufumba macho naiandika deni.