Dirisha lako jeusi ni la mwaka 1978, usinicheke

Kijana aliyekuja kunifungia intaneti hapa Area C, Dodoma, aliiona BBC Micro yangu, kompyuta ya Uingereza ya mwaka 1981, mezani, akaizunguka, akauliza: "Mzee, hii kibodi mbona haina USB?" Hilo nikalimeza. Mashine za miaka ile zilikuwa hivyo, kibodi na kompyuta ndani ya boksi moja, na zilitoka yeye hajazaliwa. Kilichonipandisha ni alichosema alipoona imeunganishwa na seva yangu ndogo ya Linux, maandishi yanashuka kwenye TV ya chogo. "Sasa mzee unajitesa nini? Simu yako inafanya hivyo hivyo. Hii ni ya makumbusho." Kisha akatoa laptopu yake, akafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, akaanza kupima laini.

Dirisha jeusi! Nikabaki namtazama tu.

Maana hilo dirisha, ndugu zangu wa IT, ni kitu gani? Ni programu inayojifanya VT100, terminali (skrini na kibodi za kuongea na kompyuta kubwa) ya kampuni ya DEC iliyotoka mwaka 1978. Safu 80, mistari 24, na amri za kusogeza kishale zinazoanza na herufi ya ESC. Rangi zimeongezwa, vikorombwezo vimeongezwa, lakini ukifukua chini unamkuta yuleyule. Kila siku, kuanzia maofisini kule Mtumba hadi mabweni ya UDOM, watu wanafungua kitu kinachoiga mashine ya mwaka 1978, halafu haohao wanaicheka ya mwaka 1981. Na VT100 yenyewe ndani yake ilikuwa na prosesa ya Intel 8080. Biti nane! Kwa hiyo BBC Micro yangu, yenye prosesa ya 6502 ya megahezi 2 na kilobaiti 32 za memori, ikifanya kazi ya terminali inafanya kazi ya rika lake. Mwigizaji hasa ni laptopu yenye gigabaiti 16.

Na msidhani kazi hiyo ni nyepesi. Hapa ndipo ninapowavulia kofia walioandika programu za kuigeuza mashine ndogo kama hii kuwa VT100, kwa sababu walibanwa kila upande. Chukua suala la safu 80 peke yake. BBC Micro ina modi kadhaa, yaani namna za kupanga skrini, na modi ya 7 inakula kilobaiti 1 tu ya memori, lakini inakupa safu 40, na seva inayotegemea 80 itakukatia kila mstari vipande viwili. Ukitaka 80 unakwenda modi ya 3, na skrini peke yake inameza kilobaiti 16. Nusu ya memori yote imekwenda kwenye kuonyesha herufi! Programu nayo ikae wapi? Ndiyo maana Termulator ya Acornsoft, mojawapo ya programu hizo, iliuzwa ikiwa kwenye romu, chipu yenye programu ndani yake, unaichomeka ndani ya mashine, memori inabaki kwa kazi nyingine.

Halafu kuna kusogeza maandishi. Chipu ya 6845 inayoendesha skrini ina ujanja mtamu: haihamishi kitu, inaambiwa tu kwamba skrini sasa inaanzia mahali pengine kwenye memori, na mistari yote inapanda mara moja. Raha tupu. Lakini VT100 inaruhusu seva iseme, "mstari wa juu na wa chini visimame, pasogee pa katikati tu," na programu za kuhariri maandishi zinalipenda sana jambo hilo. Hapo ujanja wa 6845 haufai kitu. 6502 inabidi ibebe baiti moja moja kutoka mstari huu kwenda ule, na kila mstari wa herufi ni baiti 640. Wakati huohuo seva haina huruma: kwa mwendo wa baudi 9600 kwenye waya inamwaga herufi kama 960 kwa sekunde. Programu mbovu itapoteza herufi na kukuachia skrini iliyochanikachanika. Programu nzuri inashusha waya wa RTS, inaiambia seva "subiri kidogo", inamaliza kubeba, inaendelea. Mtu aliandika hayo kwa asembla, lugha ya prosesa yenyewe, yakaenea kwenye kilobaiti 16, na yanafanya kazi mpaka leo. Programu ya kijana wangu ya kupimia laini ilikwama mbele ya macho yangu, ikadai isasishwe kwanza.

Yapo ya kukubali, sawa. Kusimba mawasiliano ya kisasa 6502 haiwezi kwa mwendo wa maana, kwa hiyo SSH, yaani kuingia kwenye kompyuta za mbali kwa siri, inafanywa na seva na mimi naongea nayo kwa waya wa mita moja. Soketi ya RS423, unakochomekwa waya huo, ina matundu 5 yaliyopangwa kiasi kwamba plagi inaingia kichwa juu au kichwa chini bila kulalamika, na aliyebuni hivyo sijui alikuwa na ugomvi na nani. Kapasita za pawasapulai, zile za upande wa umeme mkubwa, hupasuka na kujaza nyumba moshi. Zibadilisheni kabla hamjawasha. Na ukipitisha picha kwenye tundu la antena, safu 80 zinakuwa ukungu. Tumia tundu la video. Wenye Commodore 64, kompyuta nyingine ya miaka ile, programu zenu za safu 80 zinachora herufi zenye upana wa pikseli 4, macho ni yenu. Ila msiunganishe ile poti ya mtumiaji iliyo nyuma yake moja kwa moja na RS-232, waya wa kawaida wa terminali, volti zake zitaunguza chipu.

Kijana wangu kwa kweli simlaumu sana. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na Bara tulikaa bila kituo cha televisheni hadi miaka ya 1990. Kompyuta ya kuchomeka kwenye TV ungeileta kwa nani? Wenzetu walikua nazo sebuleni, sisi tumezikuta zimeshaitwa za makumbusho. Yangu mwenyewe imetoka kwenye masalia ya mwalimu mgeni aliyerudi kwao.

Kinachoniudhi zaidi ya yote ni alama moja. Kiswahili kinaenea chote ndani ya ASCII, ile orodha ya msingi ya herufi za kompyuta, hakuna herufi hata moja tunayokosa. Tunahitaji A hadi Z na kile kikoma cha juu cha ng'ombe. Lakini programu za siku hizi zinakipinda kikoma hicho kwa ajili ya urembo, na kwenye UTF-8, mpangilio wa herufi wa siku hizi, kinakuwa baiti tatu badala ya moja. Napokea ujumbe kuhusu kiwanja cha Chang'ombe, skrini inaniletea Chang, takataka, ombe. Mtasema Linux inaweza kukinyoosha kabla hakijafika kwenye waya. Najua. Sitaki. Nimeandika kipande changu cha asembla cha kufanya hivyo ndani ya mashine, kimekaa ndani ya kilobaiti moja na chenji, na sasa natafuta mtu hapa Dodoma mwenye mashine ya kuchomea EPROM za 27128, yaani chipu za romu unazojiandikia mwenyewe. Chipu ninazo, soda nitanunua mimi.