Mabua Tunayoyachoma ni Mlo wa Udongo

Nikiona moshi shambani baada ya mavuno, roho huniuma. Mchomaji atakwambia majivu ni mbolea, na hakosei sana: potasiamu na kalisi hubaki. Lakini nitrojeni karibu yote imepaa, na nishati imeondoka nayo. Kilo moja ya mabua makavu hubeba takribani megajuli 17, karibu sawa na kuni. Moto huzimaliza kwa dakika chache. Bakteria na kuvu wangezila kwa miezi, huku ute wao ukishikanisha chembe za udongo mpaka maji ya mvua yapate pa kupenyea.

Katika nchi za joto mlo huo huisha upesi. Penye unyevu wa kutosha, joto likiongezeka kwa nyuzi 10 kasi ya kuoza huwa karibu maradufu. Kwa hiyo siafikiani na wanaoiona mboji, yaani masalia ya mimea yaliyooza, kama akiba ya kuwekwa mara moja na kusahauliwa. Sehemu kubwa ya kaboni ya masalia hurudi angani kama hewa ukaa, na mimi sihesabu hiyo kuwa hasara. Ni pumzi ya viumbe walio kazini. Hasara ni kuwaacha na njaa msimu unaofuata.

Tena udongo mwekundu wa tropiki unaihitaji mboji kuliko udongo mwingine. Mfinyanzi wake mwingi ni kaolini, ambayo ina chaji hasi chache za kushikilia kalisi, magnesi na potasiamu, hivyo mvua huzichukua. Kwa uzito ule ule, mboji hushika virutubisho hivyo zaidi ya mara kumi. Siri iko kwenye vikundi vya kaboksili, yaani vifungu vidogo vya atomi za kaboni, oksijeni na haidrojeni ndani ya mboji: tindikali ya udongo ikipungua, huachia haidrojeni na kubaki na chaji hasi. Vikundi hivyo hivyo huibana alumini inayodumaza mizizi, na hukalia nafasi kwenye oksidi za chuma ambazo zingeinyakua fosforasi. Oksidi nazo huikumbatia mboji na kuikinga isiliwe yote. Kwangu hakuna jambo zuri kuliko hilo katika kemia nzima ya udongo.

Sasa, anayefukia mabua matupu na kupanda papo hapo ataona mimea ikigeuka njano, kisha atailaumu mboji. Mabua ya mahindi yana kaboni takribani 60 kwa kila nitrojeni 1, ilhali vijidudu hutaka chakula cha karibu 25 kwa 1. Pengo hilo huliziba kwa nitrojeni ya udongo, ile ile ambayo mche unaitafuta. Changanya mabua na samadi au majani ya jamii ya kunde, au yatandaze juu badala ya kuyafukia, yaoze taratibu. Samadi ikiwa haba, ningeanza na matandazo, kwa kuwa yanaukinga pia udongo na jua.