Dhahabu ya Kilwa na minara ya Lisbon

Mtu anayepanga kuitembelea Lisbon, mji mkuu wa Ureno, huelekezwa kwanza Belém, kitongoji kilicho ukingoni mwa mto Tejo, takriban kilomita 6 magharibi mwa katikati ya jiji. Huko, kwa mwendo mfupi wa miguu, atakuta Monasteri ya Jerónimos, Ngome ya Belém na Padrão dos Descobrimentos, yaani Mnara wa Ugunduzi. Vivutio vyote vitatu vinasimulia habari moja, ile ya safari za baharini zilizoanzia hapo, ikiwemo ya Vasco da Gama aliyeng'oa nanga Julai 1497 na kufika Mombasa na Malindi Aprili 1498. Kwa miaka kadhaa sasa Wareno wanavutana juu ya vivutio hivyo. Wapo wanaotaka vibaki kama vilivyo na viendelee kuwa fahari ya taifa, na wapo wanaosema kwamba kuvionyesha bila kutaja nguvu, utumwa na uporaji uliovigharimia ni kumficha mgeni nusu ya habari. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tuna sababu ya kuufuatilia mvutano huu kwa karibu, kwa kuwa sehemu ya mali inayobishaniwa ilitoka kwetu.

Nianze na watetezi, kwa sababu hoja zao si nyepesi. Tarehe 1 Novemba 1755 Lisbon ilipigwa na tetemeko la ardhi lililofuatiwa na mawimbi makubwa na moto uliowaka kwa siku kadhaa; makumi ya maelfu ya watu walikufa na sehemu kubwa ya jiji la kale ikateketea. Monasteri ya Jerónimos, iliyoanzishwa na Mfalme Manuel I mwanzoni mwa karne ya 16, ilinusurika, nayo Ngome ya Belém ikanusurika pia. Anayesimama katika ua wa ndani wa monasteri huona jiwe la chokaa lililochongwa likafanana na kamba za merikebu zilizosokotwa, majani na matufe ya kupimia nyota, na fundi hakukubali nguzo ya pili ifanane na ya kwanza. UNESCO iliyaingiza majengo hayo mawili katika Urithi wa Dunia mwaka 1983. Isitoshe, monasteri si ya wafalme na mabaharia peke yao: ndimo Ureno ilimotia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Ulaya mwaka 1985, miaka 11 baada ya udikteta kuangushwa. Mtetezi anauliza kwa nini mchonga mawe abebeshwe dhambi za nahodha, na kwa nini mgeni mwenye saa chache tu aelemewe na makosa ya watu waliokufa miaka 500 iliyopita. Swali hilo ni la haki, na anayelipuuza hataweza kuwashawishi Wareno wa kawaida ambao mababu zao walikuwa wavuvi na wakulima maskini.

Hata hivyo, mchonga mawe alilipwa, na malipo yake yana historia. Sehemu kubwa ya gharama za monasteri ilitokana na ushuru wa asilimia 5 uliotozwa bidhaa zilizoingia kutoka Afrika na Mashariki. Hilo halilifanyi jiwe kuwa baya, lakini linalifanya lisielezeke kwa uzuri wake pekee.

Hoja ya watetezi inapwaya zaidi tunapoufikia Mnara wa Ugunduzi, kwa kuwa mnara huo si wa kale. Ulisimamishwa kwanza mwaka 1940 kwa vifaa visivyodumu, kwa ajili ya Maonyesho ya Ulimwengu wa Kireno yaliyoandaliwa na serikali ya dikteta António de Oliveira Salazar, kisha ukajengwa upya kwa zege na jiwe mwaka 1960, miaka 500 tangu kifo cha Mwanamfalme Henrique, mfadhili wa safari za awali za kuelekea Afrika Magharibi. Una umbo la merikebu, na juu yake wamepangwa watu 33, Henrique akiwa mbele kabisa. Wamo manahodha, wafalme, mapadre, mshairi na mwanamke mmoja. Hayumo Mwafrika wala Mwasia. Rubani ambaye Sultani wa Malindi alimpa Vasco da Gama ili amvushe Bahari ya Hindi hadi Calicut, bandari ya India, hakupewa hata nafasi ya nyuma kabisa, ilhali bila yeye safari hiyo ingekuwa ya kubahatisha. Chini ya mnara, sakafuni, kuna dira kubwa ya marumaru yenye kipenyo cha mita 50, iliyotolewa zawadi na Afrika Kusini, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya utawala wa ubaguzi wa rangi. Mwaka huohuo wa 1960 nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, na mwaka uliofuata vita vya ukombozi vikaanza Angola. Kwa hiyo mnara huu unatueleza mengi juu ya hofu za Salazar, pengine kuliko juu ya Vasco da Gama.

Jambo jingine halitajwi sana na waongoza watalii. Karibu na monasteri ipo bustani ya mimea ya kitropiki, ambayo mwaka 1940 ilitumika kama sehemu ya makoloni katika maonyesho hayo. Watu walioletwa kutoka Afrika na Asia waliwekwa humo katika vijiji vya kuigiza ili umma uwatazame. Sanamu za vichwa vya Waafrika na Waasia zilizochongwa kwa ajili ya tukio hilo zimebaki humo bustanini, na wageni wengi huzipita wakidhani ni mapambo.

Februari 2021 mbunge mmoja wa chama cha Kisoshalisti aliandika gazetini kwamba mnara ulistahili kubomolewa, na Agosti mwaka huo ulikutwa umeandikwa kwa rangi maneno ya kulaani safari zilizofanywa kwa tamaa ya fedha. Hapa naachana na wakosoaji wakali. Ngome ya Yesu kule Mombasa ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593, ikatekwa na Waomani mwaka 1698, baadaye ikawa gereza la Waingereza, na Kenya huru haikuibomoa. Leo ni makumbusho, na imo katika Urithi wa Dunia tangu 2011. Nguzo ya Vasco da Gama ingali imesimama Malindi. Kuubomoa mnara wa 1960 kungeondoa ushahidi bora wa namna serikali ya kidikteta ilivyoitumia historia, na propaganda iliyobomolewa haiwezi kuchunguzwa tena.

Jibu langu, yaani kuviacha vivutio vilivyo na kuviwekea vibao vinavyoeleza chimbuko la mali, linatoka mahali ambapo wageni wengi wa Belém hawafiki. Tramu namba 15 inayotoka katikati ya jiji hupita njiani chini ya Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale, yaliyo katika barabara ya Janelas Verdes. Ndani yake imehifadhiwa monstransi ya Belém, chombo cha kuonyeshea Ekaristi, chenye kimo cha takriban sentimita 73, kilichotengenezwa kwa dhahabu na rangi za kuchomelea. Mitume 12 wamepiga magoti kukizunguka kioo cha katikati, kila mmoja na sura yake, na juu yao ananing'inia njiwa mdogo mweupe. Kwenye kitako yamezungushwa maandishi yanayosema kwamba Mfalme Manuel aliagiza kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kwamba kilikamilika mwaka 1506. Kodi hiyo Vasco da Gama aliitoza mwaka 1502, alipofika Kilwa na merikebu zenye mizinga na kumtishia Amir Ibrahim, mtawala wa mji, hadi akakubali kulipa. Mwaka 1505 Francisco de Almeida, kamanda Mreno, aliuteka na kuupora mji huo, kisha akaichoma Mombasa.

Kwa maoni yangu maandishi hayo yanamaliza hoja ya wale wanaosema kwamba kueleza chimbuko la mali ni siasa za leo zinazolazimishwa juu ya karne ya 16. Mfalme wa karne ya 16 mwenyewe aliliandika chimbuko hilo, tena juu ya chombo cha ibada. Aliliandika kwa kujisifu, lakini aliliandika, na kibao cha maelezo kinacholitaja hakimwongezei neno. Ndiyo maana niliwaelewa wasomi zaidi ya 100 waliopinga hadharani, mwaka 2018, mpango wa jiji wa kuanzisha makumbusho yenye jina la ugunduzi. Kilwa ilikuwa ikifanya biashara na Uarabuni, Uajemi na India karne nyingi kabla ya Mreno kuiona.

Haki inatudai na sisi pia. Dhahabu ya Kilwa ilitoka Sofala, katika pwani ya Msumbiji ya leo, na nyanda za Zimbabwe, na masultani wa pwani walijua biashara ya watumwa. Zanzibar haikulificha hilo: kanisa kuu la Mkunazini limesimama palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na nje yake wamewekwa watu wa mawe waliofungwa minyororo shimoni. Wageni hawakuacha kwenda Mkunazini kwa sababu ya ukweli huo. Wengi huenda kwa ajili yake.

Lisbon nayo ina maeneo yanayobeba upande wa pili, ingawa hayamo katika picha za matangazo. Katika uwanja wa Carmo, mbele ya magofu ya kanisa lililoangushwa na tetemeko la 1755, Marcelo Caetano, mrithi wa Salazar, alisalimu amri tarehe 25 Aprili 1974 mbele ya wanajeshi waliochoshwa na vita vya makoloni. Mojawapo ya vita hivyo iliendeshwa na FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962. Na katika Campo das Cebolas, karibu na mto, kura za wananchi zilimchagua msanii wa Angola, Kiluanji Kia Henda, asimamishe kumbukumbu ya watu waliofanywa watumwa, yenye safu za miwa ya alumini nyeusi. Ujenzi wake ukakwama kwa miaka kadhaa. Hilo ndilo ningewadai wakuu wa jiji kabla ya kibao chochote, kwa sababu tramu ya Belém hupita jirani na hapo, na mgeni angeweza kuiona miwa kabla hajaiona minara.